Nyumba Iliyopimwa kwa Dagaa

Mwezi wa kumi mwaka jana nilimkuta Esteria amepiga magoti ndani ya nyumba ya watu pale Kawajense, mtaa wa Mpanda, ananusa sakafu.

Nilikuwa napita tu. Mlango ulikuwa wazi, nikaona visigino vya mtu ninayemfahamu. Nikabisha hodi.

"Karibu Babu," akasema bila kuinuka. "Ingia, lakini angalia usikanyage bakuli."

Karibu na mlango alisimama mwanaume wa miaka thelathini hivi, shati amechomekea, simu mbili mkononi. Huyo ni Lucas, dalali wa nyumba na viwanja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesubiri sana.

"Mzee, nisaidie na huyu mama," akaniambia. "Nimeonyesha watu nyumba miaka saba sasa. Wapo waliogonga ukuta, wapo waliopanda juu ya bati. Wa kunusa sijawahi kumpata."

"Mvumilie," nikasema. "Anauza dagaa. Pua ndiyo mzani wake."

Esteria ni mtu wa Karema, kule ziwani. Alikuja Mpanda miaka ishirini iliyopita na gunia moja la dagaa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Goreth, ambaye sasa naye ana watoto wawili, na ndiyo maana sokoni wengi humwita Mama Goreth. Mume alikuwa mvuvi, akafa mapema, hakuacha nyumba. Kila mwezi Esteria hupanda lori kwenda ziwani, hununua dagaa waliokaushwa vizuri mchangani, hurudi nao mjini, huuza kwa kopo na kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Kazi ni hiyohiyo tangu siku ile.

Katika miaka hiyo ishirini amehamia vyumba tisa, vyote vya kupanga. Ukimuuliza alikuwa anaishi wapi mwaka fulani, hakutajii mtaa, anakutajia ubaya. "Mwaka ule nilikuwa kwenye mchwa." "Hapo nilikuwa kwenye choo kinachojaa." Nilidhani ni utani wake mpaka siku aliponisimulia chumba cha saba. Aliingia humo kiangazi, ukuta mweupe, sakafu kavu. Mwezi wa pili masika yakakolea, na magunia manne ya dagaa yakaota ukungu mpaka ndani. Alikaa nayo siku nzima, hauzi, hatupi. Baadaye akaanza tena na kopo moja.

Sasa mwenye nyumba wake wa tisa alikuwa amemwambia atoke kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha, maana kijana wa mwenye nyumba anaoa na anahitaji chumba. Esteria akaamua hatapanga tena. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu.

"Ninazo za kununua nyumba moja, Babu," aliniambia. "Za kukosea sina."

Nimetembea sana mkoa huu, kutoka Mishamo hadi ziwani, kwa miguu na kwa kubebwa na wenye huruma. Nimeona kosa moja ambalo sisi watu wa huku tunalifanya kila mwaka. Tunavuna, tunauza mahindi, mpunga na tumbaku, na mwezi wa nane mfuko ukiwa umenona ndipo tunanunua nyumba. Lakini mwezi wa nane nchi yote ni kavu. Nyumba ya kiangazi ni kama kijana aliyekuja kujitambulisha ukweni: amenyoa, anaongea taratibu, chai anakunywa nusu. Tabia yake utaijua mvua zikianza. Nimeona watu wengi wanalia mwezi wa pili ndani ya nyumba walizozichekea mwezi wa nane.

Esteria alilijua hilo vizuri kuliko mimi, kwa sababu ya chumba cha saba. Shida ni kwamba hakuwa na muda wa kungoja mvua. Basi akaja na dagaa.

Alikuwa na sado moja ya dagaa kutoka gunia moja, waliokauka mpaka ukimvunja mmoja unasikia mlio. Akawagawa kwenye mabakuli sita. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba vinne, vitatu vya zamani na kimoja kilichoongezwa nyuma. Kila chumba bakuli moja, na la sita uani kivulini, mahali pakavu. Juu ya kila bakuli akafunika ungo na kuukandamiza kwa jiwe.

"Ungo ni wa nini?" Lucas akauliza.

"Paka."

"Mama mkubwa, ukichelewa hivi, hao paka watanunua nyumba kabla yako."

"Wakinunua, waulize walipima na nini," Esteria akasema, akaendelea.

Nilimwuliza anachotafuta. Akanieleza kwamba dagaa mkavu anakunywa unyevu haraka kuliko nguo, haraka kuliko unga. Ukuta unaovuta maji kutoka chini unaweza kuupaka rangi mbele ya macho ya mtu, lakini dagaa hana macho. Siku tatu, milango na madirisha vimefungwa. Wa uani ndio wa kulinganishia. Wa ndani wakiwa sawa na wa uani, nyumba ni kavu. Wakilegea, kuna jambo.

"Na lile la kunusa sakafu?"

"Hilo ni tabia tu."

Tulipotoka, Lucas akataka apewe hela kidogo ya awali ya kumshikilia mwenye nyumba, maana alikuwepo mteja mwingine. Kwa madalali mteja mwingine huwa yupo siku zote, sijui wanamlisha wapi. Esteria akauliza nyumba ni ya nani. Lucas akasema ni ya marehemu mmoja, mtoto wake Methusela ndiye anayeuza, barua ya mahakama ya kusimamia mirathi anayo. Watoto wako wawili tu, Methusela na dada yake mkubwa, Scola, anayeishi Sitalike.

"Na dada anasemaje?"

"Ameshakubali. Amekubali kwa simu."

"Simu haina dole gumba," Esteria akasema. "Mimi nataka kidole chake kwenye karatasi, na yeye mwenyewe akiwa nyuma ya kidole."

Siku ya tatu nilirudi makusudi. Sitaki kusema uongo, nilikuwa nimelala nikiwaza mabakuli yale. Safari hii Methusela mwenyewe alikuwepo, fundi pikipiki wa umri wa miaka thelathini na nane, mpole, mikono ina oili ambayo haitoki tena. Alikuwa anahamia Sumbawanga kwa wakwe zake kufungua gereji. Esteria akamwamkia vizuri, akamwuliza habari za mke, kisha akaanza kufunua nyungo.

Sebule, dagaa akavunjika. Chumba cha kwanza akavunjika. Cha pili, cha tatu, hivyohivyo. Lucas akaanza kutabasamu.

Tukaingia chumba cha nyuma, kile cha kuongeza. Hicho peke yake kilipakwa rangi ya mafuta, ya bluu, inayong'aa, kutoka chini hadi kifuani. Esteria akainua ungo, akachukua dagaa mmoja, akamkunja. Dagaa akakunjika kichwa kikagusana na mkia, hakuvunjika. Akachukua wa pili. Vilevile.

"Hawa wamechoka tu," Lucas akasema. "Safari ya kutoka Karema si mchezo."

"Wametoka gunia moja na wale wa sebuleni."

Methusela alikuwa anaangalia rangi ile ya bluu. Mimi nilitegemea Esteria akasirike, achukue mabakuli yake aondoke. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta mlango mahali ambapo hakutegemea mlango.

"Huku nyuma peke yake," akasema. "Kiangazi hiki, jua hili, na ukuta wa pili hapo hatua mbili ni mkavu. Baba, chumba hiki kilikuwa cha nani?"

"Changu," Methusela akasema. "Tangu mdogo. Nimekohoa humu mpaka nilipooa."

"Na rangi?"

Akapitisha kidole kwenye bluu ile. "Mtaani walisema kuna kitu kimewekwa humu. Mama aliita watu wakaja kukitafuta, wakachimba pembeni pembeni, wakaondoka. Kila mwaka ukuta unaloa, plasta inadondoka. Nikaona nikisema, nani atanunua. Sikutaka kudanganya, mama. Nilitaka tu kisionekane."

"Sasa kimeonekana, na wewe bado umesimama," Esteria akasema. "Kabla ya hiki chumba, hapa palikuwa na nini?"

"Mimi sijui. Mzee alikijenga nikiwa natambaa."

"Nani anajua?"

"Labda dada."

Esteria akamgeukia Lucas. "Dada aliyekubali kwa simu."

Kesho yake mimi na Esteria tukapanda basi la Sumbawanga na kushuka Sitalike. Mimi nilisema nina safari yangu ya huko, nikamwone jamaa mmoja. Jamaa huyo bado sijamwona mpaka leo.

Scola ana banda la chakula kando ya barabara, wali, ugali, maharage na samaki, kwa madereva na wafanyakazi wa hifadhini. Mama wa miaka karibu sitini, mnene kidogo, kanga mbili, mwiko mkononi hata anapopokea wageni. Alipojua tumetoka kwenye nyumba ya baba yake aliacha kupakua.

"Kwa hiyo wewe ndiye mnunuzi," akasema. "Nyie mnanunua na kuuza nyumba ya baba, mimi naambiwa kwa simu, mtandao unakatika, nasikia 'dada, nyumba', halafu kimya. Nikasema 'haya'. Nilijua anaomba kuezeka."

"Ndiyo maana nimekuja, dada," Esteria akasema. "Leo sikuja na karatasi. Nimekuja na swali."

"Swali la nini?"

"Pale nyuma ya nyumba, kabla ya chumba cha Methusela, palikuwa na nini?"

Scola akamwangalia, kisha akacheka, akakaa kwenye benchi.

"Kisima," akasema. "Baba alikichimba kabla hajajenga hata ukuta mmoja. Mimi nimekua nikichota pale. Mikono hii imekuwa minene kwa kamba ya kisima kile."

"Kikaenda wapi?"

"Bomba likafika mtaani. Sijui kama unaikumbuka furaha ya bomba. Watu walinunua soda. Baba akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayeinama tena kwenye shimo. Akatia matofali yaliyovunjika, majivu, udongo, akashindilia. Si baba peke yake, mtaa ule wengi walifukia. Halafu akaona eneo limebaki wazi, na mama amepata mtoto wa uzeeni, akasema hapa namjengea mwanangu chumba."

"Na bomba?"

"Bomba lilikuwa na siku zake. Leo linatoka, kesho halitoki. Baba alikuwa akiona ndoo tupu anauangalia ukuta ule anaguna. Lakini nani atavunja chumba cha mtoto?"

Esteria akamweleza habari za dagaa, bakuli la uani na bakuli la nyuma, wa kuvunjika na wa kukunjika. Scola alisikiliza mwiko ukiwa mapajani. Nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole.

"Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa analala juu ya maji," akasema. "Miaka yote ile anakohoa. Na sisi tulimwita mganga, mganga akatuambia tatizo ni jirani. Mama hakusalimiana na yule jirani mpaka anakufa."

Dereva mmoja akaomba maharage ya kuongeza, Scola akanyoosha kidole kwenye sufuria ajipakulie mwenyewe.

Esteria akasubiri, kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa analifikiria tangu tukiwa kwenye basi. "Dada, mimi nyumba ile naitaka. Vyumba vitatu na sebule ni vikavu, dagaa wamesema. Kile cha nyuma sikitaki. Nataka kivunjwe, nikifungue kisima."

Scola akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Halafu akasema, "Ukikifungua, ndoo ya kwanza nachota mimi. Kwa hilo nitasaini. Bila hilo Methusela atafute mtandao mzuri aniambie vizuri ni kitu gani anauza."

Tulipokuwa njiani kurudi Lucas akapiga. Mteja mwingine alikuwepo kweli, mtu wa Tabora, anakuja Jumamosi na anataka kumaliza siku hiyohiyo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Scola alikuwa amesema hawezi kuacha banda kabla ya Ijumaa.

"Mama mkubwa, huyu wa Jumamosi hana maswali," Lucas alisema, simu ikiwa wazi mpaka nasikia. "Na hana bakuli hata moja."

Nilimwona Esteria anashika kiti cha mbele. Novemba ilikuwa inakaribia, na ile ilikuwa nyumba ya kumi na moja kuiangalia. Nyingine alizikataa kwa mchwa, kwa mpaka wenye ugomvi, kwa bati lililotoboka, ambalo alilijua kwa kufunga mlango mchana na kuhesabu nukta za mwanga. Hii ndiyo iliyokaribia kufaa.

"Mpe tu huyo," akasema. "Lakini mwambie kuna kisima chini ya chumba. Na mwambie dada wa Sitalike hajasaini."

Lucas akasema atapiga baadaye, akakata simu.

Sijui Lucas na Methusela walizungumza nini jioni ile. Najua Scola alimpigia mdogo wake, akamwambia habari ya kisima, na Methusela mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alitoka nje akakaa uani muda mrefu akiwa na spana mkononi, hajui alikuwa anataka kufungua nini. Alhamisi asubuhi akamfuata Esteria sokoni, akamwambia, "Mama, nitakusubiri. Yule wa Tabora ningelazimika kumpakia rangi tena."

Ijumaa Scola alishuka kwenye basi na ndoo tupu mkononi. Kwanza wakaenda kwenye nyumba, wakatembea mpaka pamoja na majirani, kona hadi kona, kila jirani akisema kwa mdomo wake "hapa ni kwangu, pale ni kwake". Jirani wa mashariki alikuwa shambani, wakamngoja mke wake afike. Esteria alitaka mke ashuhudie badala ya kumngoja mume, akasema shambani mtu anaweza kukaa mpaka Pasaka na ugomvi ukamsubiri. Ndipo tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwenyekiti aliandika yote, jina la muuzaji, la mnunuzi, mashahidi, mipaka. Mke wa Methusela akasaini, maana naye aliishi mle. Scola akaweka dole gumba ingawa kusaini anajua. Alisema Mama Goreth aliomba kidole, basi apewe kidole. Esteria akamwomba mwenyekiti aongeze mstari, kwamba chumba cha nyuma kimejengwa juu ya kisima kilichofukiwa, na muuzaji atakivunja mwenyewe kabla ya kukabidhi.

Mwenyekiti akainua kalamu. "Na hili niandike?"

"Liandike," Methusela akasema. "Tena liandike kwa herufi kubwa."

Alikivunja kwa mikono yake, siku mbili. Lucas alikuja kuangalia, akaishia kubeba matofali, shati limechomoka. Kisha akaja mchimbaji wa visima kutoka Mishamo, mtu mwembamba asiyesema sana, akaanza kutoa kile alichokishindilia marehemu. Vikatoka vipande vya matofali, majivu meusi, sufuria isiyo na kitako, kandambili moja ya mtoto. Scola aliitambua kandambili. Siku ya nne udongo ukaanza kuja na matope, na jioni kabla jua halijazama mchimbaji akasema kutoka chini, "Maji."

Wakangoja siku mbili yatulie. Scola akarudi na ndoo yake, akainama, akavuta kamba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Akamwagia Methusela miguuni, wakacheka wote wawili, na Methusela akageuka akafuta uso kwa mkono ule wenye oili.

Mpaka leo maji yale ni ya kufulia na kumwagilia mchicha, ya kunywa bado wanasubiri bomba siku zake. Na Goreth hakufurahi sana, kwa sababu vyumba vimepungua na yeye na watoto wanalala chumba kimoja. "Mama kanunua shimo, nyumba amepewa nyongeza," anasema. Lucas naye analalamika kwamba wateja wa Kawajense siku hizi wanamwuliza zamani hapa palikuwa na nini, na yeye inabidi aende kutafuta wazee.

Esteria alihamia tarehe ishirini na sita mwezi wa kumi na moja, siku nne kabla ya kufukuzwa. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wiki mbili baadaye, mchana, nami nilikuwepo nimejikinga kwake. Ilipiga bati mpaka hatukusikilizana. Alisubiri ikatike, akapita chumba hadi chumba, akivunja dagaa mmoja kila mahali, mmoja akanipa. Nikamtafuna, akalia mdomoni.

Chumba cha mwisho kina ukuta uliokuwa umeshikana na kile kilichovunjwa. Pale dagaa alichelewa kidogo kuvunjika. Esteria aliushika ukuta kwa kiganja, ukuta mtupu, hajaupaka rangi. Kisha akasogeza magunia yake hatua moja kutoka hapo, akaendelea kupanga.